Rupia ya Ndugu Wawili

Sarafu ya kwanza niliikuta ndani ya saa ya ukutani. Ilikuwa imebandikwa kwa lami chini ya ile sahani ndogo inayoning'inia na kuyumba huku na huku. Aliyeibandika alijua anachofanya, maana saa ile ilikuwa na tabia ya kukimbia, na uzito kidogo kule chini uliituliza. Niliibandua, nikaifuta kwa petroli, nikaweka jicho kwenye lenzi yangu. Taji, ngao, maandishi ya kizungu nisiyoyaelewa. Upande wa pili msalaba.

Mwenye saa alikuwa mzee mshonaji wa asili ya Goa, wa mwisho wa ukoo wake aliyebaki hapa Mwanza, naye alikuwa anafungasha mizigo ahamie kwa watoto wake ng'ambo. Nilipomwonyesha aliinua mabega tu.

"Baki nayo, fundi," alisema. "Huko ninakokwenda saa zote ni za betri."

Ndivyo nilivyoanza. Nasema nilianza, lakini kwa kweli sikuanza chochote siku ile. Niliitia sarafu kwenye kopo la skrubu, nikaendelea na kazi. Kibanda changu kiko karibu na stendi ya Buzuruga, na wakati huo watu bado walivaa saa. Ni baadaye, simu zilipowaondolea watu haja ya kutazama mkono, ndipo nilipopata nafasi ya kukaa na kuitazama ile sarafu kwa saa nzima bila kuitwa na mteja.

Aliyenisomea ni padri mmoja mzee aliyekuwa akiniletea saa ya mezani kila mwaka, saa ambayo haikuwa na ubovu wowote. Nadhani alipenda mazungumzo. Mimi ni Mwislamu, yeye ni padri, hatukuwa na la kubishania isipokuwa mpira. Alisoma yale maandishi polepole, kidole kikizunguka ukingoni. Upande wa taji kulikuwa na jina la malkia wa Ureno, nchi iliyoitawala Goa zamani. Upande wa msalaba kulikuwa na maneno ya Kilatini: kwa ishara hii utashinda.

"Utamshinda nani?" nikauliza.

Padri akacheka. Halafu akanieleza. Zamani hizo Ureno ilikuwa na wana wa mfalme wawili, wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa alikuwa ng'ambo ya bahari, akamwachia kiti binti yake, ndiye huyo malkia, ambaye bado alikuwa mtoto, kwa makubaliano kwamba mdogo wake amtunzie kiti mpaka akue. Yule mdogo akakikalia mwenyewe. Mkubwa akarudi na meli na askari, na nchi ikapasuka katikati, kijiji na kijiji, nyumba na nyumba. Mwishowe mdogo akashindwa, akafukuzwa, akafia ugenini.

"Na yeye alitengeneza hela zake?"

"Alitengeneza. Jina lake upande mmoja, msalaba huuhuu upande wa pili, na maneno hayahaya."

Hapo ndipo nilipopata ugonjwa. Sijui niuite nini kingine. Nilitaka kuziona zote mbili, ya binti na ya baba yake mdogo, zimelala kwenye kiganja kimoja, zote zikiahidi ushindi kwa maneno yaleyale.

Miaka kumi na mbili nilitafuta. Kwa sonara mmoja wa mjini nilipata mbili, nusura aziyeyushe kutengeneza bangili. Dereva wa lori anayekwenda Msumbiji aliniletea nyingine kutoka Tete, imechakaa mpaka taji limekuwa kama kovu. Zote zilikuwa za binti. Nne, na zote za upande mmoja wa vita. Mke wangu alikuwa akisema, "Unakusanya hela zisizonunua hata chumvi," na hakuwa anatania, alikuwa amechoka. Nami nilikuwa nimechoka. Watu wanadhani kukusanya vitu ni raha. Ni kusubiri. Ni kuulizia mtu yuleyule swali lilelile mpaka aanze kukukwepa akikuona barabarani. Ni kusafiri mpaka Musoma kwa sababu mtu kasema ana hela ya Mreno, ukafika ukakuta shilingi ya Mwingereza yenye simba.

Basi ilikuwa mchana mmoja wa kiangazi, nimezitandaza zote nne juu ya kitambaa nazisugua. Jirani yangu wa kibanda ni mama anayeuza mchele wa Magu, mtu wa miaka hamsini hivi, mchangamfu, tumekaa bega kwa bega muda mrefu kuliko ndoa nyingi. Aliinama kuchukua pishi yake, akaziona.

"Fundi, na wewe unazo? Mama yangu anayo moja. Ile ya kuwafunga watoto."

"Kuwafunga vipi?"

"Mtoto akizaliwa kwetu anafungwa ile rupia shingoni mpaka aote meno. Halii usiku. Mimi nimeivaa, kaka zangu wote wawili wameivaa, wanangu wameivaa. Ina msalaba hivihivi."

Nilimwomba aniandikie jinsi ya kufika.

Kijiji kiko ng'ambo ya Magu, unaacha lami unapita mashamba ya pamba, halafu majaruba ya mpunga. Nilimkuta bibi kizee ameketi uani kwenye kigoda, anachambua choroko kwenye ungo. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso, akauliza mimi ni wa nani. Nikamwambia mimi ni jirani wa binti yake pale stendi, fundi saa. Akasema, "Hapa hatuna saa." Tukakaa. Nikamsaidia kuondoa mawe kwenye choroko. Sikuuliza chochote kuhusu rupia siku ile, na najivunia hilo, kwa sababu ni kitu cha mwisho katika habari hii ninachoweza kujivunia.

Safari ya pili nikamwambia ninachotafuta. Akaendelea na choroko zake. Safari ya tatu, baada ya miezi, aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha kaniki, akafungua. Sarafu ilikuwa imetobolewa juu ya taji, na uzi mweusi umepita. Ilikuwa nyeusi ya jasho la watoto. Nikaiweka kwenye lenzi, nikafuata herufi ukingoni kama padri alivyonifundisha. Lilikuwa jina la yule mdogo mtu. Yule aliyeshindwa.

"Umeona nini?" bibi akauliza.

Hapa ningeweza kusema sijaona kitu, ni hela ya zamani tu, asante, Mungu akuweke. Mke wangu amenieleza mara nyingi kwamba ningeweza kusema hivyo. Lakini mtu akikaa miaka kumi na mbili na jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia, siku akiulizwa swali moja anafunguka kama mfereji. Nilimweleza yote. Nchi ya Wareno, mfalme, meli, mji uliozingirwa mpaka watu wakala paka. Nilifurahi kusikilizwa.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao waliopigana," alisema, "ni mtu na mdogo wake?"

"Ndiyo, bibi."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Na hii ni ya nani?"

"Ya mdogo. Ndiye aliyeanza."

Aliichukua kutoka kiganjani mwangu, akaitazama kama mtu anayetazama mbwa wake aliyemuuma mgeni. Kuku walikuwa wanaparua chini ya ghala, nakumbuka nilitamani wanyamaze.

"Niliwafunga wote wawili," alisema. "Mkubwa, halafu mdogo. Nikawavalisha vita shingoni kwa mikono yangu."

Sikujua anasema nini. Binti yake hakuwa ameniambia. Bibi alinieleza kwa maneno machache sana kwamba wanawe hawajaongea mwaka wa thelathini na tatu sasa. Mkubwa alihamia Geita kwenye machimbo na mkewe, hajakanyaga nyumbani hata kwenye msiba wa baba yao. Mdogo yupo hapohapo, nyumba ya pili, na jina la kaka yake halitajwi mbele yake.

Kisha akanipa ile sarafu.

"Chukua. Iondoke hapa."

"Bibi, siyo hivyo, mimi nilikuwa nasimulia tu..."

"Chukua, fundi."

Nikaichukua. Nilibisha kidogo, ndiyo, nikasema maneno ya adabu, lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshafunga. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeishika mfukoni. Nilipofika nyumbani niliiweka kando ya zile nne za binti, nikasubiri ile furaha niliyoitafuta. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Zilikuwa hela tano.

Wiki ya pili yake mama wa mchele alifika kibandani asubuhi bila kunisalimia.

"Fundi, ulimwambia nini mama?"

Nikamwambia.

"Mjukuu wangu amezaliwa juzi. Nimempeleka kwa mama amfunge rupia, mama anasema haipo na haitakuwepo. Hata chakula hali vizuri. Anakaa tu anatazama nyumba ya kaka mdogo. Ulikwenda kumwambia mtu wa miaka themanini na kitu kwamba amewaloga wanawe?"

"Sikusema hivyo."

"Amesikia hivyo."

Nilirudi Magu kesho yake. Bibi hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinikaribisha, akanipa maziwa mgando, na nilipoweka kifurushi mbele yake alikisukuma kwa mgongo wa mkono. Nikaenda tena mwezi uliofuata. Vilevile. Magoti yangu si ya safari za namna hiyo. Kutoka barabarani mpaka kwake ni mwendo wa saa nzima kwa mtu wa umri wangu, na mvua zilikuwa zimeanza, njia imekuwa tope la mbuga linalong'ang'ania kiatu. Mara ya tatu nilijiambia hapa sipafai tena. Kama jambo hili lina dawa, dawa iko Geita.

Sikumwambia mama wa mchele ninakokwenda, nilimwomba tu jina la kitongoji cha kaka yake, akanitajia huku akinitazama kwa shaka. Tulivuka daraja jipya la Busisi. Abiria wengine walikuwa wanapiga picha maji kwa simu, mimi nilisinzia. Nilimkuta yule bwana nje ya duka lake la vifaa vya wachimbaji, koleo, kamba, tochi za kichwani. Mtu mkubwa, mvi ndevuni. Nilipotaja kijiji cha mama yake alisimama.

"Amekufa?"

"Hapana. Mzima."

Akakaa tena, kwa uzito. Nikatoa sarafu, nikamweleza kisa chote, pamoja na sehemu yangu mimi. Nilitegemea anifukuze. Alianza kucheka, cheko fupi, halafu likakatika.

"Mzee wangu, umesafiri toka Mwanza na hela hii? Sisi tuligombania ng'ombe. Ng'ombe wa mahari ya dada. Ndiyo waliotumika kunioza mimi. Mdogo wangu alikuwa na mchumba wake tayari, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka msichana akaolewa na mwingine. Siku ya harusi yangu alinikata panga hapa." Akakunja mkono wa shati. Kovu lilianza kwenye kiwiko. "Hakuna rupia hapo. Mwambie mama siyo rupia."

"Kamwambie mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyeharibu."

"Ndiyo maana nimekuja. Lakini mimi nikimwambia nitakuwa naongeza hadithi nyingine juu ya ile ya kwanza. Maneno yangu huyasikia vibaya."

Alimhudumia mteja, akapima kamba kwa urefu wa mikono yake, akaikata. Kisha akaniagizia soda. Hatukuongea tena habari hiyo, na niliondoka pale nikijua nimepoteza siku na nguvu ambazo sikuwa nazo.

Niliporudi nilimweleza mama wa mchele. Alikuwa anapepeta. Aliendelea kupepeta.

"Kwa hiyo amekwambia ng'ombe ni wangu," alisema.

"Amesema."

"Miaka yote hii nimekaa na wewe hapa, sijakwambia kwa sababu ni aibu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilipelekwa kwa mtu, ng'ombe wakaja, kaka zangu wakakatana kwa ajili yao. Halafu yule mume wala hakudumu." Aliweka ungo chini. "Sijakukasirikia, fundi. Nilikukasirikia kidogo."

Yule bwana wa Geita alikuja. Haikuwa wiki ile wala mwezi ule. Alikuja wakati wa mavuno ya mpunga, bila taarifa, na mama wa mchele akanipigia simu nimkute huko kwa sababu mama yake alikuwa ananiulizia. Nilikwenda nikidhani nitakuta watu wanalia na kukumbatiana. Nilimkuta kaka mkubwa ameketi kwenye kiti cha plastiki upande huu wa ua, na mdogo wake, mwembamba, mkimya, amesimama kwenye mlango wa nyumba yake ng'ambo ya pili. Walikuwa wamesalimiana, niliambiwa. Mdogo alitoa shikamoo, mkubwa akaitikia, basi. Kila mmoja alikuwa anaongea na mama yao, na mama ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kwa mwingine, ingawa wote walikuwa wanasikiana. Mdogo alileta kuku. Mkubwa alikula. Jioni kabla jua halijazama akapanda pikipiki akaondoka.

Nilibaki na bibi uani. Nilikuwa na kifurushi changu, niliona labda sasa.

"Bibi, umesikia mwenyewe. Ilikuwa ni ng'ombe. Hii hela haina kosa."

"Mimi najua habari ya ng'ombe," alisema.

Niliweka kifurushi chini.

"Wewe unadhani nani aliamua? Baba yao alisema waoe kwa zamu, yule mwenye mchumba aanze. Mimi nikasema hapana, mkubwa kwanza, watu watatucheka. Nilisema mara moja, nikarudia, mpaka mzee akachoka akakubali." Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei ya chumvi. "Miaka thelathini na mitatu nimelala na neno hilo. Halafu ukaja wewe na habari za Wareno, ukaniambia ni rupia. Nikapata kupumzika, fundi. Siku chache nilipumzika. Nikasema kumbe siyo mimi."

"Na sasa?"

"Sasa ni mimi tena."

Niliuliza tu kuhusu yule kitukuu, anafungwa nini siku hizi. Akasema amemfunga uzi mtupu, na mtoto analia kama watoto wengine.

"Hiyo kaa nayo," alisema, akionyesha kifurushi kwa kidevu. "Wewe una ndugu?"

"Sina, bibi. Nilizaliwa peke yangu."

"Basi kwako haina kazi."

Akacheka, meno yake mawili ya chini yakaonekana. Ni mara pekee niliyomwona akicheka. Kisha akasema amechoka, akaomba nimshike mkono aingie ndani. Alikuwa mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Nilimfikisha kitandani, nikavuta pazia la mlangoni, nikatoka. Yule mwana mdogo alikuwa uani anakusanya viti. Alibeba kile alichokalia kaka yake, akasimama nacho kidogo, akakipeleka kwenye nyumba yake.

Sikununua sarafu nyingine tangu hapo. Dereva wa lori alinipigia mwaka huu akiwa Tete, anasema kuna mtu ana mfuko mzima, za kila namna, nije na lenzi. Nilimwambia macho yangu yana ukungu, nasubiri zamu ya upasuaji. Ni kweli, nasubiri. Akasema atanitunzia. Nikamwambia asihangaike.